Boti ya Wasini kwenda Kisite: mara hii tumepata watu wanaojua bahari

Sisi ni watu wa Tanga ila tunakaa Mombasa mwaka wa tatu sasa kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na tangu tuhamie tumejiwekea kwamba kila mwisho wa mwezi lazima tutoke na watoto hata kama mfuko umekaza. Shimba Hills tushaenda tukashuka na askari wa wanyamapori mpaka kwenye maporomoko ya Sheldrick, Haller Park tushazunguka, Fort Jesus ndo usiseme. Lakini hii ya Kisite, hifadhi ya bahari huku kusini mwa pwani ya Kenya, naandika kirefu manake mara ya kwanza tuliharibikiwa vibaya.

Hiyo ya kwanza niiseme haraka haraka. Tulilipia safari kupitia wakala mmoja, gari likatufuata nyumbani vizuri tu, kufika baharini tukapakiwa kwenye boti iliyojaa, jaketi za kuokolea za watoto hakuna, wakapewa za watu wazima zinawavuka vichwa. Na pomboo walipotokea nahodha akakoleza mashine akawafukuza, boti zingine nazo zikaja mbio, wale pomboo wakazama hatukuwaona tena. Binti yangu alilia njia nzima ya kurudi, mimi nikasema sirudi tena huko.

Sasa jirani yetu hapa Tudor kwao ni Vanga, alipotusikia akasema nyinyi mmekosea njia, akatupa namba ya nahodha wa kisiwa cha Wasini, mzee wa makamo anayefanya kazi na mwanawe. Tukampigia, bei tukaelewana elfu nane za Kenya boti nzima, tulikuwa watu sita pamoja na mdogo wangu aliyekuja likizo. Kiingilio cha hifadhi ni mbali, hicho cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, unalipa mwenyewe kwenye eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na ukiwa mgeni kama sisi beba pasi manake raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao.

Tulivuka feri ya Likoni alfajiri kabla watu hawajajaa, ukapita Ukunda, Msambweni, Ramisi, kisha pale Kanana unakata kushoto mpaka Shimoni kwenye kupanda boti. Tulienda Februari na hilo nalisisitiza, nendeni wakati wa kaskazi, bahari inatulia na maji yanakuwa maangavu unaona mpaka chini, kusi likishaanza kuvuma Aprili huko mawimbi makubwa na maji yanavurugika, na mtoto mdogo atatapika tu.

Kabla ya kupanda, mzee aliwavisha watoto jaketi mwenyewe, moja moja, anavuta mkanda halafu anamnyanyua mtoto kwa mabega ya jaketi aone kama linapanda shingoni. Kwangu mimi hapo hapo moyo ukatulia.

Pomboo tuliwakuta tushautoka mkondo wa Wasini. Mzee akazima mashine kabisa. Akasema tukae kimya, tukakaa, boti inayumba tu, dakika kumi hivi hakuna kitu na mume wangu kashaanza kuniangalia, mara tukasikia pffff nyuma yetu, pomboo katoka kuvuta pumzi karibu kabisa na boti, na mwenzake, na mtoto wao kati. Wakazunguka zunguka pale wenyewe kwa raha zao. Mzee akamwambia binti yangu, "Ukimfukuza anaona wewe adui, ukingoja anakuja kukutazama." Mtoto hajaacha kuisimulia mpaka leo.

Tukapita Mpunguti ya Juu na ya Chini mpaka Kisite penyewe kwenye matumbawe. Mwanangu wa miaka saba alikuwa muoga wa maji, kang'ang'ania ubao wa boti, kijana wa mzee akashuka majini akampa mkono akamwambia "njoo babangu, mimi sikuachi," akamshika tumboni mpaka akazoea kupumua na ule mpira wa mdomoni. Hawakutuharakisha hata kidogo. Kule chini jamani, kuna changu, kuna kikande, kuna pono wa rangi ya bluu na kijani wanatafuna matumbawe, na ukitulia masikio yakiwa ndani ya maji unawasikia kabisa, kru kru kru kama mtu anatafuna bisi. Mzee akatueleza huo mwamba wakishausaga unatoka nyuma yao mchanga mweupe, mwanangu akacheka mpaka akanywa maji. Kugusa au kukanyaga matumbawe alitukataza mapema, na alikuwa anatuangalia kweli.

Halafu kuna jambo sikulitarajia. Tunakula maembe kwenye boti, mbingu safi kabisa asubuhi ile, mzee akanyoosha kidole upande wa bara akauliza, "Mama, ile milima waijua?" Nikatazama, samawati kwa mbali. Usambara. Milima ninayoiona tangu mdogo nikiwa Muheza kwa bibi, leo naitazama kutoka majini, kutoka nchi ya watu. Mume wangu akanyamaza, mimi machozi yakanitoka, watoto wakawa wanauliza kwani nini.

Chakula tulikula Wasini kwa shemeji yake mzee, kaa wa kuchemsha, wali wa nazi, samaki wa kuchoma, na mwani wa kukaanga wenye ndimu ambao watoto walikataa nikaumaliza mimi. Kisiwani hakuna gari hata moja, watoto wanakimbia popote. Wenyewe wanasema Kivumba, Kiswahili chao cha huko, na mama mmoja akiongea nilimsikia kabisa bibi yangu mwingine wa Tongoni, yale maneno ya kizamani ambayo huku mjini hayatamkwi tena. Jioni tukapita mapango ya Shimoni walikofungiwa watumwa kabla ya kupakiwa majahazini, tulikaa muda mfupi, watoto walikuwa wadogo kuelezwa yote.

Nawapa nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimekata kwa sababu miwani ya mbizi mingine imechakaa mpira, inaingiza maji, na saizi ya mtoto ilikuwa moja tu ikabidi wapokezane, kwa hiyo mwenye watoto nunua yako kabisa. Boti pia haina choo, malizeni mambo yenu Shimoni. Na muulize nahodha maji ya siku hiyo yanajaa na kupwa saa ngapi kabla hujapanga tarehe, manake saa ya kutoka inafuata maji.

Mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi wa kwanza, tushamwambia mzee atuwekee siku. Mama kasema pomboo hana haja nao, anataka kuiona milima.