Shahada ya uchambuzi wa data za biashara: mstari wa 65,536 ulionitia hasira

Nimemaliza shahada hii si muda mrefu, na anayeniuliza kama aichukue namjibu hapana kabla hajamaliza swali. Hesabu nilizipenda. SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, niliizoea. Python, lugha ya kuandikia programu, ilinitoa jasho, yakaisha. Nisichoweza kumeza ni siku moja ya mwaka wa tatu.

Darasa zima tulipewa faili moja la mauzo, limepangwa kwa tarehe, tueleze biashara inaendaje. Wenzangu wote walikuja na mchoro ule ule: mauzo yanapanda vizuri, halafu miezi ya mwisho kimya, sifuri. Wakaanza kutoa sababu: wateja wamehama, sijui washindani. Mmoja alishaandaa mpaka mpango wa kuwarudisha wateja! Mimi nikashuka chini kabisa ya faili. Mstari wa mwisho: 65,536. Excel za zamani, mpaka ile ya 2003, ziliishia hapo hapo. Kuanzia ya 2007 zinabeba 1,048,576. Yaani biashara haikufa. Mtu alihifadhi faili kwa mfumo wa kale, likakatwa mkia.

Nikasimama, nikasema. Mhadhiri akanitazama weee, kisha: "Umekuja kuchambua data au kunichambua mimi? Kaa." Darasa likaangua kicheko. Alama niliyopata naona aibu kuitaja. Pembeni aliandika maneno mawili: "Hakujibu swali."

Hakujibu swali! Miaka yote tunaimbiwa "kagua data kwanza", kumbe wimbo wa kwenye slaidi tu. Data za mazoezi zimeoshwa mpaka zinang'aa. Hukuti hata tarehe ya 03/04 ikuache unajiuliza ni Machi au Aprili.

Hapa nilitaka kuwaambia msiisome, basi. Ila hiyo tabia ya kuhesabu mistari kabla ya kugusa kitu niliitoa wapi? Humo humo. Mwaka wa kwanza msaidizi mmoja wa maabara alituonyesha zile seti nne za data za mwanatakwimu Anscombe za 1973: wastani sawa, kipimo cha jinsi namba mbili zinavyoendana (correlation) sawa, 0.816, ukizichora moja ni upinde, nyingine nukta moja imetoroka wenzake. Nilizikodolea macho mpaka wakaja kufunga chumba.

Basi sijui. Ningepewa fomu leo, pengine ningejaza tena, na kununa juu. Lile faili bado ninalo. Nasikia mwaka huu wamepewa lile lile.