Kaiti, begi na bodi za mafundi wa Paje: kipi nunua, kipi subiri

Assalamu alaykum wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo nina vitu vinne mezani, na vyote vimepita mikononi mwa mafundi wa hapa Paje, mashariki ya Unguja: kaiti iliyoshonwa (tiara kubwa linalomvuta mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye bodi), begi la bodi, bodi yenyewe na kipande cha nta ya kupaka bodi ili mguu usiteleze. Nimelipia kila kimoja kwa pesa yangu, kwa hiyo zuri nitalisema na kasoro nitaisema.

Tuanze na kaiti. Sogeeni hapa kwenye bawa muone kiraka. Kaiti hizi za kujaza upepo, aina waliyoibuni ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, wakaisajili mwaka 1984, zina bomba la mbele la kitambaa kigumu, ndani yake mpira mwembamba, na nyuma yake bawa la poliesta nyepesi yenye miraba midogo. Miraba hiyo ndiyo inayozuia mpasuko usiendelee. Lakini ukiangukia kijiti cha shamba la mwani, hata miraba haisaidii. Na tuheshimiane hapa: akina mama wanalima mwani pwani hii tangu 1989, kaiti zimewakuta. Ukiangusha kaiti shambani kwao umewaharibia kamba, na wewe umejiharibia bawa.

Sasa tazameni kazi ya fundi. Kabla ya kugusa gundi, aliiosha kaiti kwa maji baridi ya bomba akaianika kivulini. Hilo peke yake linanionesha anajua kazi, maana gundi haishiki juu ya chumvi. Kisha akaweka kiraka pande zote mbili, hebu nigeuze... mnaona? Halafu akapitisha cherehani kwa mshono wa zigizaga, kwa sababu bawa likijaa upepo linavutika, na mshono ulionyooka ungekatika uzi. Uzi ni wa poliesta. Akikutolea uzi wa pamba, mwambie asante, ondoka na kaiti yako, kwani jua na chumvi vitaumaliza mapema sana. Nimeirusha kaiti hii kwenye upepo mkali wa kaskazi na kiraka hakijanyanyuka hata pembe moja. Kwa huduma hii sina la kupunguza, na bei haikaribii kabisa bei ya kaiti mpya ya kuagiza kutoka Ulaya.

Begi. Nje limeshonwa kwa mabawa ya kaiti zilizochoka, ndani lina turubai. Nalipenda sana, rangi zake kwanza, halafu zipu: fundi ameweka zipu ya plastiki yenye meno makubwa. Zipu ya chuma hapa pwani haina maisha. Kasoro ni mikanda ya begani, ni myembamba, ukitembea nayo kutoka kijijini mpaka maji yalipo wakati wa bamvua, bega linalia. Mwombeni aweke sponji. Na kabla hujalipa, shika kitambaa cha nje kwa vidole viwili uvute kidogo. Kaiti iliyokaa juani miaka mingi huchanika kama karatasi, na begi la kitambaa hicho halifiki mbali.

Haya, bodi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza pesa.

Bodi hii ni ya kwenda pande zote mbili, ina mikanda ya miguu, kiini chake ni mbao na imevishwa faiba na resini ya epoksi, kile kimiminika kinachoganda kikawa kigumu. Nimeilaza sakafuni mbele yenu: ncha zote mbili zimenyanyuka sawa, haichezi. Maana yake kalibu yake ni nzuri. Uso wake umesuguliwa vizuri. Shida ni uzito. Bodi za kiwandani nyingi hutumia mbao za paulownia, nyepesi mno, na mbao alizozipata fundi wetu ni nzito zaidi. Ukiwa unajifunza kusimama na kwenda, hutojali, pengine itakutulia vizuri chini ya miguu kwenye maji yenye viwimbi. Ukitaka kuruka, utauhisi kila ukitua. Kwa mwanafunzi: nunua. Kwa mrukaji: subiri, fundi anatafuta mbao nyingine.

Pia kagueni matundu ya skrubu. Maji huingilia hapo, mbao ikavimba, faiba ikabanduka. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila tundu liwe limefungwa kwa resini. Kwenye hii, matundu mawili yalikuwa makavu. Nikamrudishia, akayafunga siku ile ile, mbele yangu, bila ubishi. Bodi ya kuagiza ningemrudishia nani?

Jambo moja zaidi kuhusu resini, hasa kwa wenye bodi za mawimbi. Resini ya poliesta ni ya kawaida kwenye matengenezo ya maboti, na kwenye boti inafaa. Lakini bodi yenye povu jeupe la EPS, yaani la polisterini, ukiipaka poliesta, povu linayeyuka, unabaki na shimo kubwa kuliko ulilokwenda nalo. EPS inataka epoksi. Fundi asipokuuliza bodi yako ina povu gani, muulize wewe, tena umwombe ajaribu kwanza kwenye kipande cha povu kama hilo. Na huku kwetu unyevu wa hewa ni mwingi: epoksi ikikauka huacha utelezi juu, lazima uoshwe kwa maji na kupigwa msasa kabla ya koti la pili. Akiruka hatua hiyo, koti litabanduka.

Nta nitaipitia haraka. Ni nta ya nyuki na mafuta ya nazi, harufu nzuri. Asubuhi inashika mguu vizuri. Mchana bodi ikikaa juani inakuwa telezi, kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na huku hatushuki hapo mchana. Nta yenyewe huvumilia mpaka zaidi ya 60. Nimemwambia mtengenezaji apunguze mafuta. Kwa sasa, iwekeni bodi kivulini.

Majina siyaweki hapa kwa sababu wengi ni watu wa kibanda kimoja na cherehani moja, na sitaki wazidiwe na simu. Mkifika Paje ulizeni fundi wa kushona kaiti, mtaelekezwa. Kusi inaanza kushika Juni, na wote hukumbuka mipasuko yao wiki hiyo hiyo. Pelekeni Mei, mvua za masika zikiwa bado zipo: fundi ana nafasi, wageni ni wachache, na kazi anaifanya kwa utulivu. Lipeni nusu mkikabidhi, nusu mkichukua, na kaiti ijazwe upepo mbele yenu kabla hamjaondoka, mpake maji ya sabuni kwenye mpira kuona kama kuna tundu linalotoa mapovu.

Wenye bodi za mbao walizochongewa Malindi, Kilifi au Diani, niandikieni hapo chini mbao gani imetumika na ina uzito gani, nitampelekea fundi.