Miezi mitatu na GeoNode: kosa liko kwa Python au kwa Java?

Tunapima mitaro ya maji ya mvua huku Eastlands, Nairobi, na ramani zetu zilikuwa zimetapakaa kwenye flashi na WhatsApp. Nikaamua kujaribu GeoNode, programu huria ya kuweka ramani mtandaoni. Lugha ninayoimudu ni Python peke yake, kwa hiyo niliposikia imejengwa juu ya Django, mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti, nikasema, hii ni yangu.

Kumbe Django ni karani wa mapokezi. Anajua wewe ni nani na umeruhusiwa kuona nini. Mchoraji ni GeoServer, na huyo ni Java. Data imelala kwenye PostGIS, hifadhidata ya ramani iliyoandikwa kwa C. Unachobofya kwenye kivinjari ni MapStore, JavaScript tupu.

Mambo yakienda sawa huoni kiraka popote. Siku ya kwanza nilipakia picha kubwa ya droni. Nikaambiwa imefaulu, lakini ramani ikabaki nyeupe pe. Nikamaliza saa nzima kwenye logi za Django, yaani faili ambamo programu huandika yanayotokea, na hazikuwa na neno. Kosa lilikuwa kwa GeoServer, limezikwa chini ya rundo la mistari ya Java: kumbukumbu (RAM) imeisha. Nikaiongezea Java kutoka gigabaiti 2 hadi 4, ikachora. Laptopu yangu ya gigabaiti 8 ilinguruma kama posho mill, lakini ikachora.

Halafu mitaro yenyewe. Faili ilikuja bila maelezo ya mfumo wa viwianishi, yaani namba zake zinapimwaje ardhini, nami nikabahatisha WGS 84, mfumo wa GPS, kanda ya 37 kusini. Mitaro ikapita juu ya mapaa ya watu. Mzee mmoja mpimaji akaangalia skrini akacheka: "Kijana, hizo ni namba za Arc 1960." Huo ni mfumo wa zamani wa upimaji wa huku kwetu. Nilikuwa nimeisogeza mitaa karibu mita 300 kuelekea kaskazini. Nikaweka msimbo wa Arc 1960 wa kanda hiyo, 21037, kila mtaro ukarudi kando ya barabara yake. Hilo halikuwa kosa la lugha yoyote, lilikuwa langu.

Kilichonichosha zaidi ni Kiswahili. Nilitaka wazee wa mtaa wasome menyu bila mkalimani. Nikatafsiri faili za Django, nikawasha upya, nusu ya skrini ikabaki Kiingereza. Maneno ya MapStore yana faili zake za JSON, mbali kabisa. Kwa hiyo neno "Pakua" nimeliandika mara mbili, mahali pawili.

Ningeichagua tena? Ndiyo, kwa ofisi yenye seva ya maana na mtu asiyeogopa kusoma logi za Java. Kama unataka kuonyesha vituo kumi vya matatu tu, Leaflet, maktaba ndogo ya JavaScript ya kuchora ramani, na faili moja ya HTML vinatosha, usijitese.

Kwetu bado kuna kitufe kimoja kinachoongea Kiingereza, na sijajua ni cha nani.