La Traviata sebuleni kwetu: ya Salzburg 2005 na ile filamu ya 1982

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasio na muda. Kama utaangalia opera moja tu nyumbani (opera ni igizo linaloimbwa) basi tafuta La Traviata ya Verdi, mtunzi wa Italia, ile iliyorekodiwa jukwaani Salzburg, Austria, mwaka 2005, Anna Netrebko ndo Violetta na Rolando Villazón ndo Alfredo. Filamu ya opera hiyo hiyo, aliyoiongoza Zeffirelli mwaka 1982, nayo ni nzuri ila iache iwe ya pili, ntaeleza kwanini.

Mi naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu, Haleluya ya Handel tumeiimba Pasaka sijui mara ngapi, na ndo iliyonifikisha huku, mana nilikuwa natafuta kusikia watu wenye sauti zilizofundishwa wanavyovuta pumzi. Nikaanza na vipande vya dakika tatu tatu kwenye simu, vinasisimua kweli, lakini ni sawa na kuonja mchuzi bila wali. Opera ni hadithi, ule wimbo unaousikia peke yake kwenye simu umebebwa na saa nzima ya mambo yaliyotangulia.

Hadithi yenyewe fupi: Violetta ni mwanamke wa starehe Paris, anaishi kwa kutunzwa na wanaume wenye hela, na ana TB. Alfredo, kijana wa familia ya heshima, anampenda kweli, wanahamia shamba wanaishi vizuri. Baba yake Alfredo, mzee Germont, anakuja siku Alfredo hayupo anamwomba huyu dada aachane na mwanae, sababu binti yake mzee ana mchumba na upande wa mchumba utakataa ndoa kama kaka mtu anaishi na mwanamke wa sifa ile. Violetta anakubali. Sasa niambie mtu wa kwetu gani hapo hajaelewa? Hakuna haja ya kusoma historia ya Ulaya, vikao vya ukoo vya namna hii kila mtu kashakaa.

Hii ya Salzburg niliangalia na mama, tulianza usiku wa Jumamosi tukamalizia Jumapili, tumewasha deki na flati skrini na sabufa. Mama kakulia Tanga enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, kwake muziki wa kukaa na kusikiliza ni taarabu. Nilidhani atalala. Alichofanya ni kwamba mzee Germont alipoanza kuongea kwa ule upole wake akasogea mbele ya kiti akasema, "Mwanangu, huyu mzee kaja kuvunja nyumba kwa adabu." Na ndo ilivyo, Thomas Hampson anaiimba ile sehemu kama mzee aliyevaa vizuri anayejua anachoomba ni kibaya ila haachi kuomba. Hayo mazungumzo ni karibu dakika 20 na ndo moyo wa opera nzima. Kuna pale Violetta anamwambia mzee amweleze huyo binti kwamba yupo mtu amejitoa kwa ajili yake, Netrebko anaishusha sauti mpaka inakuwa kama uzi na kamera iko usoni kwake tu, haiendi popote. Mama alikuwa analia, na mimi pia.

Jukwaa lenyewe karibu tupu. Mwongozaji Willy Decker kaweka ukuta mweupe uliopinda, sofa jekundu, na saa moja kubwa kupita kiasi, basi. Violetta kavaa gauni jekundu fupi, wengine wote suti nyeusi, hata wanawake wa kwaya wamevaa suti za kiume, kwahiyo unamwona mtu mmoja mwekundu katikati ya kundi linalomtazama. Na kuna mzee mwenye koti jeusi amekaa karibu na saa toka muziki haujachanganya, haongei, anamwangalia tu, baadae unagundua ndo daktari, na ndo kifo chenyewe kinachomsubiri. Kwenye sherehe ya Flora, rafiki yake Violetta, ile saa inalazwa inageuka meza ya kamari. Kwa TV ya nyumbani hii ni faida kubwa jamani, mana jukwaa lililojaa vitu likiingia kwenye kioo cha inchi 32 huoni kitu, watu wanakuwa sisimizi, hapa kila kitu kinasomeka hata ukiwa umekaa mbali.

Najua wapo wanaolalamika kwamba suti na gauni fupi ni kumharibia Verdi. Lakini opera hii ilipotolewa Venice tarehe 6 Machi 1853 Verdi mwenyewe alitaka waimbaji wavae nguo za wakati wake, wakubwa wa pale ndo wakalazimisha irudishwe nyuma mpaka kama mwaka 1700. Alitaka watazamaji wajione wao wenyewe pale jukwaani. Kwahiyo suti zipo karibu zaidi na alichokitaka kuliko watu wanavyodhani.

Sasa filamu ya 1982. Hii sio rekodi ya jukwaani, ni sinema kabisa. Teresa Stratas ndo Violetta, Plácido Domingo ndo Alfredo, James Levine anaongoza okestra na kwaya ya Metropolitan Opera ya New York. Inaanzia mwisho, nyumba inabebwa fanicha, Violetta mgonjwa anakumbuka, kijana mbebaji anasimama kuiangalia picha yake, ule mwanzo ni mzuri sana. Sherehe ya Flora wanacheza Ekaterina Maximova na Vladimir Vasiliev, wachezaji baleti wa Bolshoi ya Moscow, hapo peke yake inastahili kuangaliwa. Stratas ana uso unaoumiza, mwembamba, macho makubwa, unaamini kabisa anaumwa.

Shida yangu ni kwamba sauti zilirekodiwa kwanza, halafu mbele ya kamera wakawa wanafuatisha midomo. Mtu asiyeimba labda haimsumbui, lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye kwaya anajua kuimba kunafanyika mwilini, shingo inakaza, mbavu zinafunguka, jasho linatoka. Kwenye filamu Stratas anatoa noti ya juu na mwili umetulia tu kama anaongea, jicho linakataa. Pia wamekata vipande vya muziki. Salzburg unamwona Netrebko mwisho wa sehemu ya kwanza, ule wimbo mgumu anaoapa kwamba atabaki huru, anahema kweli, na akimaliza watu wanapiga makofi hadithi inasimama. Mama hapo hakuhitaji maelezo, alisema wanamtuza. Ndio, ni vile vile mtu anavyoinuka kwenye taarabu kwenda kumtuza mwimbaji katikati ya wimbo, tofauti ni kwamba kule noti za hela hazipo.

Sauti sasa, hapa naomba mnisikilize vizuri mana wengi wanaikosa opera kwa sababu hii. Hawa watu jukwaani hawaimbi kwa maiki, ukumbi ule wa Salzburg unakaa watu zaidi ya 2,000 na okestra nzima iko mbele yao na bado wanasikika. Wataalamu wa sauti wanaeleza kwamba mwimbaji aliyefundishwa anakusanya nguvu nyingi kwenye masafa ya karibu Hz 3,000 (yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde), sehemu ambayo okestra haina nguvu sana, ndo mana anapenya. Spika ya simu inatoa vizuri hayo masafa ya juu na inapoteza ya chini, kwahiyo kwenye simu unasikia sauti ya kuchoma kama sindano, chelo na besi zimepotea, halafu unasema opera ni makelele. Sio makelele, umepewa nusu. Pale Violetta anapomuaga Alfredo bila kumwambia kwamba anaondoka, anamwomba tu ampende kama yeye anavyompenda, okestra inapanda kutoka chini kama wimbi, kwenye simu hilo wimbi halipo kabisa. Tumia angalau spika nzuri za masikioni. Na kwenye sabufa fanya kinyume cha mnavyofanya kwa bongo fleva, besi ishushe, mana ikizidi inafunika maneno.

Maandishi ya tafsiri: kwenye DVD kuna Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na lugha nyingine, Kiswahili hakimo, na hii inaniuma. Mama Kiingereza cha kukimbia hawezi kukifuata, ikabidi nimsimulie sehemu nzima kabla haijaanza halafu tukiangalia nakaa kimya. Ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea, mana macho yake yalikuwa kwenye nyuso na sio kwenye maandishi. Nawashauri hata nyie mnaojua Kiingereza, soma hadithi kwanza. Halafu sio lazima umalize siku moja, sisi tuliigawa siku mbili, sehemu ya kwanza Jumamosi na zilizobaki Jumapili baada ya ibada.

Upatikanaji. DVD nilinunua mtandaoni kwa muuzaji mmoja wa nje, ya kwanza ikaja imechubuka, inaganda pale pale Germont anapoingia, nikaandika barua pepe tatu mpaka wakanitumia nyingine. Angalia nyuma ya kasha kama imeandikwa 0, hiyo inacheza deki yoyote, ikiwa na 2 peke yake ni ya Ulaya na deki ya kwetu inaweza kuikataa.

Kama hutaki kununua kuna tovuti ya OperaVision, ya bure kabisa, inalipiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, ipo toka 2017 na video zao zipo YouTube. Wanaweka maonyesho mazima kutoka kumbi mbalimbali za Ulaya, kila moja inakaa miezi kadhaa halafu inatolewa, kwahiyo ukiona unayoipenda usisubiri. Kwa ubora wa picha wa 480 saa moja ilinila kama nusu GB, bando la usiku linatosha. Ubaya wake ni kwamba huchagui, unakula kilichopikwa siku hiyo. Met Opera on Demand, huduma ya mtandaoni ya ile Metropolitan Opera ya New York, ndo yenye hazina kubwa, mamia ya rekodi, niliilipia mwezi mmoja dola 14.99, kwa mfuko wangu ni nyingi lakini mwezi ule niliangalia saba. Kwa wenye watoto pale kuna opera ya Filimbi ya Uchawi ya Mozart iliyoongozwa na Julie Taymor, imefupishwa na inaimbwa kwa Kiingereza, ndo waliyoanzia kurusha moja kwa moja kwenye majumba ya sinema tarehe 30 Desemba 2006. Wapwa zangu wa miaka saba na tisa walikaa mpaka mwisho kwa sababu ya wale dubu wa vitambaa.

Maksi zangu: Salzburg 9 kwa 10, moja nimeitoa kwa sababu kamera mara mbili tatu inakimbilia kwa mtu mwingine wakati anayeimba ndo anamalizia pumzi. Filamu ya Zeffirelli 7, sita na nusu kama ni kwa kusikiliza tu. OperaVision 8 kwa kuwa ni bure.

Jana mama kaniambia niirudishe tena ile DVD, sio yote, anataka pale mzee Germont anapoingia. Anasema safari hii anataka kumwangalia yule dada anavyosikiliza, mzee ashamsikia.