Karatasi ya gundi ya pasi: tathmini baada ya kumshona chui wa Tingatinga

Nimemaliza kushona mfarishi mdogo wa kutundika ukutani, yaani tabaka za vitambaa zilizoshonwa pamoja, wenye sentimita 40 kila upande, unaotokana na picha ya mtindo wa uchoraji wa Tingatinga niliyonayo nyumbani, yenye chui mmoja aliyepinda mkia juu ya mgongo katikati ya uwanja wa manjano usio na kitu kingine. Kazi hiyo imechukua miezi mitatu na imekula mita mbili na nusu za karatasi ya gundi ya pasi, bidhaa ambayo mafundi wengi ninaofahamiana nao hawajawahi kuishika. Naieleza hapa kwa urefu kwa sababu imenisaidia mno katika jambo moja, na katika jambo jingine karibu iniharibie kazi yote.

Karatasi hii isichanganywe na kile kitambaa kigumu ambacho mafundi hutia ndani ya kola. Ni utando mwembamba wa gundi kavu uliolazwa juu ya karatasi laini. Mtu huchora umbo upande wa karatasi, hulibandika nyuma ya kitambaa kwa pasi, hukata kwa mkasi akifuata mstari, hubandua karatasi, kisha hukiweka kiraka mahali pake na kukipiga pasi mara ya pili. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 9,000 kwa mita, yenye upana wa sentimita 45.

Nilikuwa na sababu ya kuitafuta. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972, na katika muda huo mfupi alitumia rangi zinazong'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, yaani ubao mwembamba mgumu. Rangi ya namna hiyo hukauka ikiwa na mpaka mkali: manjano inapokoma, nyeusi inaanza, bila kivuli kati yake. Uzuri wa chui wake, kwa macho yangu, umo katika ukali huo wa mipaka na katika madoa yaliyopangwa kwa mpigo kama wa ngoma. Picha yangu si ya mkono wake, ni ya mchoraji wa sasa anayefuata mtindo ule wa mwanzo, naye aliniruhusu nimgeuze chui wake kuwa nguo.

Sasa, kitambaa hakiupendi ukali huo. Ukishona kiraka kwa desturi, ukingo hukunjwa ndani na kupigwa bandi, yaani mishono ya muda, kabla ya kushonwa, na doa lenye upana wa sentimita moja na nusu halina nafasi ya kukunjwa. Madoa kumi ya kwanza niliyoyajaribu kwa njia hiyo yalitoka yakiwa yamevimba kama maharage yaliyolowekwa, hata moja halikufanana na jingine. Nilipotumia karatasi ya gundi, madoa 64 yalikaa bapa, kila moja na ncha zake na kiini chake cha rangi ya chungwa, na nyuzi za ukingoni hazikuchomoka kwa sababu gundi ilizishika tangu kabla ya mkasi kupita. Kwa picha ya aina hii, sijui njia nyingine ambayo ingenipa mpaka safi kiasi hicho.

Anayeanza ajue kwamba umbo huchorwa likiwa limegeuzwa, kama linavyoonekana kwenye kioo. Mimi nilisahau, na chui wangu wa kwanza, aliyenigharimu jioni mbili, akawa anatazama kulia badala ya kushoto. Kwa madoa madogo, kubandua karatasi ukingoni kwa kucha hukwaruza kitambaa. Ni afadhali kuichana karatasi katikati kwa ncha ya pini, kisha kuivuta kutoka hapo kwenda nje.

Kitambaa chenyewe kinadai maandalizi. Kitenge kipya huwa na wanga na ulaini wa kiwandani unaoizuia gundi kushika, kwa hiyo nilikifua mara mbili kwa maji ya moto na sabuni na kukianika mpaka kikauke kabisa. Kanga hushika upesi zaidi, lakini ni nyepesi, na kanga ya rangi ya chungwa ikiwekwa juu ya doa jeusi huonyesha weusi wa chini yake, jambo lililonilazimu kuweka vipande viwili pale ambapo kimoja kingetosha. Pasi iwe na joto la wastani, bila mvuke, na ikandamizwe kwa sekunde sita hadi nane bila kuburutwa. Ikizidi hapo, gundi huyeyuka kupita kiasi na kunywewa na kitambaa, na kinachobaki hakishiki tena. Anayetumia pasi ya mkaa ajaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, kwa kuwa joto lake hubadilika kila dakika.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii ni ugumu. Mwili wa chui, doa juu yake na kiini juu ya doa ni tabaka tatu za gundi, na nilipogusa kichwa cha chui kabla ya kushona niliona nimeshika kadibodi. Mfarishi ni kitu cha kulala na kuvimba, na mkono unapoupapasa hutarajia pamba, wala si ubao. Hapo ndipo nilipokaribia kuiacha kazi. Dawa niliyoipata ni kukata karatasi ya gundi katikati ya kila umbo kubwa kabla ya kuibandika, nikibakisha ukanda wa nusu sentimita tu kufuata ukingo. Kiraka hushika pembeni, katikati kinabaki kitambaa kitupu chenye ulaini wake. Nilimbandua chui mzima nikaanza upya kwa njia hiyo, na tofauti ilijulikana mkononi mara moja.

Sindano nayo huteseka. Ile ya cherehani hushika mnato wa gundi na kuanza kuruka mishono, hivyo kila baada ya madoa matano au sita niliifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Kwa mkono, bila subana, kidole hakivumilii.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa kuna gundi, kushona si lazima. Nilifua kipande cha majaribio mara tano kwa mkono katika maji baridi: kingo ambazo sikuzishona zilianza kuinuka mara ya tatu, zile nilizozizungushia mshono wa zigizaga zilibaki palepale. Gundi hii ni ya kushikilia tu, na uzi ndio unaofunga.

Uwanja wa manjano sikuutia gundi hata kidogo. Niliweka flaneli ya pamba katikati, bitana ya kanga nyuma, kisha nikaudarizi kwa mkono kwa mistari inayofuata umbo la chui, sentimita moja toka mstari hadi mstari. Ukavimba kati ya mishono, chui akabaki bapa juu yake, na mwanga wa dirishani ukipita asubuhi manjano ile hucheza namna ambayo kwenye hadibodi haichezi. Sikuipanga hali hiyo. Imetokana na kuiweka gundi mahali pake na kuinyima mahali pasipo pake.

Mnunuzi aombe karatasi ikunjuliwe kabla ya kulipa. Mita ya mwisho niliinunua duka jingine, na nilipofika nyumbani nikakuta utando umeachana na karatasi na kujikunja, jambo ambalo hutokea ikikaa penye jua. Haikufaa kwa lolote. Nyumbani naiweka ndani ya bomba la kadibodi, mbali na dirisha.

Mfarishi unaofuata utakuwa wa ndege kanga, na vitone vyake havifiki hata nusu sentimita, udogo ambao karatasi hii haiuwezi. Mwili nitaubandika kwa gundi ukingoni kama nilivyomfanyia chui, na vitone nitavidarizi kimoja kimoja kwa uzi mweupe.