Tathmini ya kozi ya jioni ya kukereza vyuma: usalama unaofundishwa mashineni, na kona moja iliyosahaulika

Anayetafuta kozi fupi ya kukereza vyuma, yaani kuchonga kwa kisu chuma kinachozungushwa na mashine, jijini Dar es Salaam kwa kawaida huuliza ada ni kiasi gani, cheti kinatambuliwa na nani, na mashine ziko ngapi. Baada ya kuhitimu kozi ya jioni katika chuo kimoja cha binafsi, nimeridhika kwamba kuna swali jingine ambalo lingepaswa kuyatangulia hayo yote: mtu ambaye hajawahi kugusa mashine anafundishwaje hata amalize mafunzo akiwa na macho yake mawili na vidole vyake vyote? Tathmini hii inajibu swali hilo. Jina la chuo nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimeziwasilisha kwa uongozi kwa maandishi na ni haki yao kupewa muda wa kuzirekebisha.

Karakana ya chuo ina mashine za kukerezea za ukubwa wa kati, mashine za kutobolea za kusimama, mashine moja ya milingi (ambayo kisu chake ndicho kinachozunguka), meza za jiliwa za kubania vyuma, na grainda mbili za mezani, yaani mashine za jiwe la kunolea, zilizowekwa kwenye kona karibu na mlango wa stoo. Wanafunzi tulikuwa mchanganyiko wa mafundi wa matengenezo kutoka viwandani, vijana waliokwisha kujifunza kazi kwa kuangalia katika karakana za mtaa wa Gerezani hapa jijini, na wengine, wakiwamo akina dada, ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaushika ufundi huu. Mkufunzi wetu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alikuwa amefanya kazi ya ukerezaji kiwandani kwa muda mrefu kabla ya kuanza kufundisha, na jambo hilo lilionekana katika kila agizo alilotoa.

Ubora mkubwa wa kozi hii ni kwamba usalama haukutengewa somo lake la peke yake, ambalo mtu angelisikiliza, akalinakili daftarini na kulisahau. Ulifundishwa ndani ya kila hatua ya kazi. Vipindi vya mwanzo tulivitumia tukiwa mbele ya mashine zilizozimwa kwenye swichi kuu, tukijifunza kufunga chuma kwenye chaki, yaani kile kichwa cha mashine kinachokibana chuma na kukizungusha, kukikaza, kukifungua na kukifunga tena, mpaka mikono ikazoea. Hapo ndipo tulipopewa kanuni ya ufunguo wa chaki. Ufunguo huo ni kipande kizito cha chuma chenye mpini wa kukatiza, na ukisahaulika kwenye chaki halafu mashine ikawashwa, unaruka kwa nguvu kuelekea kwa yeyote aliyesimama mbele yake. Mwalimu alitaka mkono usiuachie ufunguo kwa muda wote ufunguo ukiwa ndani ya chaki, hata kama unachotaka ni kuchukua rula tu. Mkono ukitoka, ufunguo utoke pamoja nao na kurudi kwenye ndoano yake. Kabla ya kila kuwasha aliuliza, "Ufunguo uko wapi?", na mwanafunzi hakuruhusiwa kujibu kwa kukisia, alipaswa kuuonyesha ndoanoni kwa kidole. Mwanzoni baadhi yetu, hasa wale waliokuja na uzoefu wa mtaani, tuliona kwamba tunafanywa watoto. Kufikia katikati ya kozi hakuna aliyesubiri kuulizwa.

Kuhusu mavazi, chuo kilikuwa kikali, na hakikutoa amri bila kueleza sababu zake. Ovaroli ilipaswa kuwa na mikono mifupi au iliyofungwa barabara kifundoni, na pete, saa, bangili na mikufu vilivuliwa mlangoni. Mwalimu aliandika hesabu ubaoni ambayo ninaiona kuwa somo bora kuliko mabango yote niliyowahi kuyaona viwandani. Chuma chenye kipenyo cha milimita 50 kikizunguka mara 600 kwa dakika, kinazunguka mara 10 kwa sekunde, na uso wake unasafiri zaidi ya mita moja na nusu katika sekunde hiyo. Mtu anayeshtuka anahitaji takriban robo ya sekunde kabla mkono wake haujaanza kuitikia. Katika robo hiyo, mkono wa shati ulionaswa umekwisha kuvutwa karibu sentimita 40, yaani urefu unaotoka kifundoni na kupita kiwiko, na mashine bado haijaguswa na mtu. Baada ya hesabu hiyo hapakuwa na mabishano tena kuhusu glavu, ambazo wengi hudhani ni kinga mahali popote, ilhali mbele ya kitu kinachozunguka zinanaswa kirahisi na kuvuta mkono mzima. Glavu zilivaliwa wakati wa kubeba vyuma vyenye kingo kali, na zilivuliwa kabla ya kuwasha.

Jambo la mitandio nalo lilishughulikiwa kwa heshima niliyoipenda. Dada mmoja alikuwa anavaa ushungi mrefu, na badala ya kumwambia achague kati ya vazi lake na darasa, mwalimu wa kike wa karakana ya jirani aliitwa wakaelewana: kofia ya kitambaa inayobana kichwa na shingo, ncha zake zikiingizwa ndani ya ovaroli iliyofungwa vifungo mpaka juu. Waliokuwa na nywele ndefu au rasta walifuata utaratibu huohuo, wanaume kwa wanawake. Ninalitaja kwa sababu ninafahamu karakana ambako suala hili humalizwa kwa kumfukuza msichana, na hivyo tunapoteza mafundi.

Chenga za chuma zilipewa muda wa kutosha pia. Chuma laini kikikatwa hutoa nyuzi ndefu zinazojiviringa, zenye moto na ukali wa wembe, na kishawishi cha kuzivuta kwa mkono ni kikubwa kwa sababu zinazuia kuona kazi. Tulifundishwa kusimamisha mashine kwanza, kisha kuzitoa kwa ndoano yenye kingao cha mkono na kumalizia kwa brashi, na tukafundishwa vilevile kwamba kisu kilichonolewa vizuri, chenye kivunja chenga na kinachosukumwa kwa kasi inayofaa, hutoa vipande vifupi visivyo na hatari hiyo. Hapo niliona wazi kwamba mkerezaji mzuri na mkerezaji salama wanajengwa na somo moja. Upepo wa kompresa ulipigwa marufuku kabisa kwa kusafishia mashine na nguo, kwa kuwa hurusha chenga ndogo machoni na unaweza kupenya kwenye ngozi. Vivyo hivyo, kung'arisha chuma kwa kuuzungushia msasa kidoleni hakukuruhusiwa. Msasa ulishikwa ncha zote mbili au kuegemezwa kwenye tupa, na tupa isiyo na mpini haikukubaliwa kutoka stoo.

Sehemu ninayoipa alama za juu zaidi inahusu umeme. Katika mazingira yetu umeme hukatika bila taarifa na kurudi bila taarifa, na mtu aliyeinama juu ya chaki kuangalia kwa nini mashine imesimama yuko katika hatari kubwa endapo itawaka yenyewe. Mashine zote za kukerezea za chuo hiki zimefungwa swichi ambayo huachia umeme unapokatika na haiwashi tena mpaka mtu abonyeze kitufe kwa hiari yake. Mwalimu hakutuomba tumwamini. Mwanzoni mwa kila kipindi alizima umeme kwenye swichi kuu huku mashine zikizunguka bila chuma, akaurudisha, na sisi tukathibitisha kwamba hakuna iliyoamka. Kisha kila mmoja alijaribu kitufe chekundu cha dharura cha mashine yake na kupima kwa jicho chaki inachukua muda gani kusimama kabisa, kwa maana chaki nzito huendelea kuzunguka baada ya umeme kukatwa, na wapo wanaopoteza vidole kwa kujaribu kuisimamisha kwa kiganja. Ningemshauri yeyote anayekwenda kukagua chuo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, aombe kuonyeshwa jaribio hili. Chuo kilicho tayari kitalifanya mbele yake kwa dakika chache.

Kanuni nyingine ambayo haikuwa na msamaha ni kwamba hakuna mtu anayewasha mashine akiwa peke yake, hata fundi wa stoo. Mwalimu alitupa mfano wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, ambako mwezi Aprili 2011 mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alifariki dunia usiku katika karakana ya maabara ya kemia baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya kukerezea, akiwa anafanya kazi peke yake. Alikuwa mwanafunzi hodari wa sayansi, katika chuo chenye fedha na sifa. Wakaguzi wa usalama kazini wa serikali ya Marekani walieleza baadaye kwamba mashine ile haikuwa na kinga zilizotakiwa. Chuo chetu kimeutafsiri mfano huo kwa vitendo: funguo za swichi kuu hukaa kwa mkufunzi wa zamu, na akitoka nje hata kwa simu, mashine zinazimwa.

Baada ya sifa hizo, lazima niseme kwa uwazi kwamba kona ya grainda haifanani na karakana iliyobaki. Jiwe la grainda lenye kipenyo cha milimita 200, likizunguka kiasi cha mara 2,850 kwa dakika, lina ukingo unaokwenda takriban mita 30 kwa sekunde, mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa. Ndiyo maana kizimba cha kuegemezea kisu hupaswa kuwa karibu na jiwe, nafasi isizidi milimita 3, ili kitu kinachonolewa kisivutwe na kubanwa kati yake na jiwe. Katika mojawapo ya grainda hizo mbili jiwe lilikuwa limelika kwa muda mrefu bila kizimba kusogezwa, na nafasi ilikuwa pana kiasi cha kupitisha ncha ya kidole kidogo. Kioo cha kinga cha grainda ya pili kilikuwa kimechakaa kwa cheche hata hakionekani kitu, kwa hiyo wanafunzi walikuwa wanakiinua juu na kutazama kwa pembeni. Darasani tulifundishwa kuligonga jiwe jipya taratibu kwa mpini wa mbao na kusikiliza kama linalia kwa sauti safi au kwa sauti ya kufa inayoashiria ufa, tukafundishwa kusimama pembeni mpaka lizunguke kwa muda kabla ya kulitumia, na kutonoa kwa ubavu wa jiwe. Yote ni sahihi. Lakini somo hilo lilitolewa hatua chache tu kutoka kwenye grainda ambazo hazikutimiza masharti yake, na mwanafunzi hujifunza kutokana na kile anachokiona kinavumiliwa. Kurekebisha kizimba ni kazi ya spana moja. Hili ndilo lililonifanya niandike barua kwa uongozi, na sitakuwa na amani mpaka nisikie limefanyika, kwa kuwa kila kundi jipya hunoa visu vyake hapohapo.

Mengine ni madogo kwa kulinganisha. Miwani ya kinga ilikuwa ya kushirikiana na mingine ilikuwa imekwaruzika, kwa hiyo ni heri mtu anunue yake, yenye ubavu uliofunikwa. Miwani ya kawaida ya kusomea haitoshi. Maandishi ya tahadhari yaliyobandikwa kwenye mashine yako kwa Kiingereza na mengine kwa Kichina, lugha ambazo wenzetu kadhaa hawazisomi, ingawa Mwalimu alitueleza kila kimoja. Sanduku la huduma ya kwanza lipo na lilikuwa na vifaa, ila kisafishio cha macho hakikuwamo, na katika kazi ya chenga hilo ni pengo. Mafuta meupe ya kupozea yaliyomwagika sakafuni yalifunikwa kwa mchanga mara moja, na hapo sina lalamiko.

Suala la idadi ya wanafunzi linahitaji kuulizwa kabla ya kujiandikisha. Tulikuwa wawili wawili kwa kila mashine, mmoja akiendesha na mwenzake akisimama upande wa kitufe cha dharura, na mpango huo ulifanya kazi vizuri. Nimesikia kwamba makundi ya mwishoni mwa wiki hujazwa zaidi. Siwezi kuipendekeza kozi hii kwa mtu atakayewekwa wa nne kwenye mashine moja, kwa kuwa watu waliosimama bila kazi huanza kuegemea, kuongea na kusukumana.

Jambo la mwisho la kuuliza ni bima. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unategemea michango ya waajiri, na mwanafunzi wa jioni anayejilipia ada hana mwajiri anayemchangia kwa ajili ya saa zile anazokuwa darasani. Chuo hiki kilinionyesha hati ya bima ya ajali kwa wanafunzi nilipoiomba, na kilinionyesha pia cheti chake cha usajili wa mahali pa kazi kutoka OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Vyote viwili vilitolewa kwenye faili bila kusitasita. Kwa kozi ya jioni katika kundi dogo, na kwa mkufunzi yule niliyemsifu, ninampendekezea chuo hiki mtu yeyote anayetaka kuanza ukerezaji. Akifika, aende kwanza kwenye ile kona karibu na mlango wa stoo, aangalie nafasi iliyopo kati ya kizimba na jiwe, na ikiwa bado ni pana aombe isogezwe mbele yake kabla hajasaini fomu.