Shali ya maombi: uzi wa sufu au akriliki?

Kila baridi ikianza swali ni lile lile. Kwa bei akriliki (uzi wa plastiki) inashinda bila ubishi, na shali moja inakula mabonge kadhaa ya uzi so tofauti utaiona mfukoni. Joto? Sufu jamani, hata ikishika unyevu bado inatunza joto. Ila kufua ndo balaa, yangu moja niliitumbukiza kwenye maji moto ikatoka imesinyaa, imekakamaa kama zulia la mlangoni. Akriliki unatupia kwenye mashine basi, ila isikae karibu na moto, inayeyuka. Unamfumia mgonjwa aliyelazwa? Chukua akriliki laini, itafuliwa kila mara na sufu inawasha wengine. Bibi anayeamka alfajiri kusali na anafua kwa mkono, huyo mpe sufu.